Mbwa Aliyetangulia Farasi

Katika nchi ya Wadakota, pale Mto Minnesota unapoingia katika Mississippi na ambapo leo imesimama miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, mbwa alikuwa mnyama wa mizigo kabla farasi hajafika, na lugha yenyewe inalishuhudia jambo hilo: mbwa kwa Kidakota ni šuŋka, na farasi alipokuja aliitwa šuŋktaŋka, yaani mbwa mkubwa.

Namna wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini walivyowafunza mbwa wao inafahamika kwa kiasi kikubwa kupitia Gilbert Wilson, kasisi aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1916 na baadaye akafundisha katika chuo cha Macalester, Saint Paul. Kuanzia mwaka 1906 alisafiri mara kwa mara hadi Fort Berthold, Dakota Kaskazini, akiandika masimulizi ya Maxidiwiac, bibi wa kabila la Wahidatsa, na kitabu chake kuhusu farasi na mbwa kilitoka mwaka 1924.

Katika masimulizi hayo mbwa ni mali ya wanawake, na utiifu wake unatafutwa mapema, kabla kamba yoyote haijafungwa: katika uzao mmoja huachwa watoto wachache wenye vichwa vikubwa na miguu minene, wengine huuawa, na dume huhasiwa ili atulie na kunenepa. Ndipo huvishwa travoi, yaani fito mbili zilizopishana juu ya mabega, ncha zake zikiburuzwa ardhini, na katikati yake kitanzi cha mti kilichofumwa kwa ngozi, ambacho juu yake mama hupanga kuni. Amri za kukaa na kulala, zinazojaza vitabu vya wafunzaji wa leo, hazingemsaidia kitu mwanamke aliyekuwa na kuni za kufikisha nyumbani.

Mbwa hao karibu wametoweka. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba nasaba ya mbwa wa kale wa Amerika ilifutika kwa sehemu kubwa sana baada ya Wazungu kuingia, na wanaouzwa leo kwa jina la mbwa wa Wahindi Wekundu ni mchanganyiko wa karne ya 20.

Kilichobaki ni ufundi wa kumtumia mbwa kuvuta mizigo. Mwaka 1917, mashindano ya sleji za mbwa kutoka Winnipeg hadi Saint Paul, zaidi ya kilomita 800, yalimpa ushindi Albert Campbell wa kaskazini mwa Manitoba, Mmeti, yaani mtu wa uzao wa wenyeji na Wazungu. Mbwa wa sleji hana hatamu. Dereva yuko nyuma kabisa, na kinachomfikia mbwa kiongozi ni sauti tu, kama lile neno la zamani la Kifaransa marche, "nenda", ambalo katika vinywa vya wasemaji wa Kiingereza liligeuka kuwa mush.