Ufa na Ukuta

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeilea vinywani tangu utotoni na hatuihoji. Lakini aliyeisema hakutwambia ufa huzibwa kwa kitu gani, wala hakuutaja ukuta uliokwishachoka, ambao kuuziba ni kuahirisha tu siku ya kuanguka kwake. Maswali hayo mawili humkabili kila mrithi wa nyumba ya mawe katika visiwa vyetu: aikarabati aliyoachiwa, ama aibomoe ajenge mpya?

Ukingo wa bahari wa Forodhani, Unguja, uliwahi kuyajibu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la kifalme alimokuwamo Sayyid Khalid bin Barghash. Vita havikutimiza saa moja. Moshi ulipotulia, zilitolewa hukumu tatu juu ya majengo yaliyobaki. Jumba lenyewe liliondolewa, na mahali pake pakafanywa bustani. Jengo la wanawake wa kifalme nalo liliondolewa, na kiwanja chake kikapata jumba jipya. Ama Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, halikuwa limeumia sana, likaachwa lisimame. Mnara wa taa uliokuwa jirani yake ulibomolewa, na katika ukarabati wa mwaka 1897 mnara wa saa ukaongezwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib. Hatimaye jengo hilo likawa makao ya ofisi za serikali ya Kiingereza.

Tukizitazama hukumu hizo tunaona kwamba kubomoa na kujenga si hesabu ya mawe peke yake. Ni hesabu ya nani mwenye amri. Hata baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba za udongo za Ng'ambo zilipobomolewa kupisha majumba ya ghorofa ya Michenzani, kujenga upya kulikuwa ni tamko: zama zimegeuka. Wakati huohuo nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawanywa kwa familia kadhaa. Kila familia ikawa na chumba chake, na dari likawa halina mwenyewe. Mvua ikaingia.

Na maji ndiyo adui mkubwa wa nyumba zetu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia, kisha hutoka. Fundi wa leo, kwa haraka au kwa kutojua, huuziba ufa wake kwa saruji. Saruji ni ngumu, nayo huyafungia maji ndani. Chokaa ya kale hulainika, mawe humung'unyika, boriti za mikoko huoza kwenye ncha zilizozama ukutani. Mwenye nyumba hufurahi kuona uso laini, kumbe ukuta unakufa nyuma ya uso huo. Ndiyo maana nasema ufa uliozibwa vibaya ni mbaya kuliko ufa ulio wazi, maana ulio wazi angalau unaonekana.

Mwaka 2012 sehemu ya baraza za Beit al-Ajaib ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, upande wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza roho zao. Sisemi kwamba mnara ndio ulioliangusha jengo. Hilo ni la wahandisi kulisema. Nasema kwamba ukarabati nao una wakati wake, na ukicheleweshwa huwadai watu damu.

Je, basi tubomoe? Wazee wa Lamu walikuwa na njia nyingine. Binti alipoolewa, mzazi aliyejaaliwa hakuibomoa nyumba wala hakumpeleka mwanawe mbali. Aliongeza ghorofa juu, au alijenga wikio, chumba kinachovuka njia kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Urefu wa boriti ulipima upana wa chumba, na ukuta wa chini ulichunguzwa kabla ya kutwishwa mzigo. Nyumba ilikua pamoja na ukoo. Kipya kilipanda juu ya cha kale, na cha kale kikapata sababu ya kutunzwa, kwa kuwa kilibeba uhai wa watoto.

Hapo ndipo ninapouona uamuzi ulipo. Ukuta ukiwa umepoteza nguvu ya kubeba, kuubomoa si usaliti. Ni kuwaokoa walio chini yake. Ukiwa bado unabeba, tuuzibe kwa chokaa, tuanzie darini, na tusingoje warithi wote wakubaliane. Mrithi mmoja akiziba tundu la dari msimu huu, wenziwe watakuwa na nyumba ya kugombania msimu ujao. Wote wakingoja, watagawana kifusi.