Fahamu jinsi programu ya RPG inavyotuma ukurasa wa HTML moja kwa moja kwenye simu yako

Ukiwa Gehandu, Katesh au Mbulu mjini na ukafungua tovuti, huioni kompyuta inayokujibu. Huko nyuma inaweza kuwa programu ya RPG, lugha ya IBM iliyoanza mwaka 1959 kwa ajili ya kutengeneza ripoti za ofisini.

RPG bado ipo kazini, hasa kwenye mfumo wa IBM i, mrithi wa AS/400 iliyozinduliwa mwaka 1988. Inashughulikia hesabu za stoo, mishahara na akaunti. Zamani watumiaji waliiona kwenye skrini ya kijani ya mistari 24, herufi 80 kila mstari.

Inafanyaje kazi?

1. Simu inatuma ombi, seva inaiita programu ya RPG kwa utaratibu wa CGI.
2. Programu inasoma ulichojaza na kutafuta taarifa kwenye hifadhidata.
3. Inaandika "Content-type: text/html", inaacha mstari mtupu, kisha inaandika HTML yenyewe na kuikabidhi kwa seva kupitia QtmhWrStout.

Ukisahau ule mstari mtupu, ukurasa haufunguki vizuri.

Faida yake ni nini?

Kanuni za hesabu zilizojaribiwa kwa miaka mingi haziandikwi upya. Pia ukurasa unaweza kuwa mwepesi, usimalize bando.

Tatizo liko wapi?

HTML ikichanganywa ndani ya RPG, hata kubadili rangi ya kitufe kunalazimisha programu ikompailiwe upya. Ndiyo maana wengi hutumia CGIDEV2, inayoweka HTML kwenye faili lake pembeni.

Kubwa zaidi ni usalama. Chukua jina Hanang' au neno ng'ombe. Kama programu imezungushia data alama moja ya ' kila upande, kivinjari kitaishia kwenye "ng" na kuona neno limekwisha. Mjanja anaweza kupenyeza amri zake hapo hapo, zikaendeshwa kwenye simu ya mteja mwingine na kumwibia akaunti.

Dawa ni kubadili alama hizo kabla ya kuzituma: ' iwe &#39; na < iwe &lt;. Hatua hiyo ni ndogo, lakini ikirukwa anayeumia ni mteja.