Muda Unavyokula Bei: Kutoka Misafara ya Unyanyembe Hadi Leseni za Dhahabu

Wadau, leo tuzungumzie bei ya muda. Sisemi muda wa maongezi wa kwenye simu. Nasema muda wenyewe, huu unaopita wakati umekaa tu. Wenzetu wa masoko ya hisa Chicago na London wanauuza na kuununua kila siku. Ukidhani hayo ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu, nifuate taratibu mpaka Nzega.

Tuanze na misafara. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Ilikuwa siku ya 134, na hiyo ni kwenda tu! Mfanyabiashara aliyebeba vitambaa na shanga za mkopo kutoka Unguja hakujua akirudi na pembe atakuta bei gani. Na kila siku aliyokwama, wapagazi walitaka posho, ambayo ililipwa kwa vitambaa vilevile vya biashara. Mwaka 1871 Mirambo alipowafungia Waarabu wa Unyanyembe njia ya kwenda Ujiji, mali ilikaa Tabora ikijila yenyewe.

Sasa, opsheni ya hisa ni nini? Ni haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana, kabla ya tarehe fulani, bila kulazimika kununua. (Zipo na za kuuza, lakini tusichanganye mambo.) Unalipa kitu kama kishika uchumba kisichorudishwa. Hisa ikipanda bei, unaidai kwa bei ya zamani. Isipopanda, unaondoka zako, umepoteza kishika uchumba tu.

Yule wa Tabora muda ulimlia vitambaa, na aliviona vikipungua. Mwenye opsheni muda unamlia kitu kisichoonekana: nafasi ya jambo zuri kutokea kabla siku hazijaisha. Unamlia kwa kasi gani? Hapo ndipo patamu.

Mwaka 1900, Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu Paris kuhusu jambo hili. Kwa lugha yetu, alisema bei inatembea kama mlevi: hatua mbele, hatua nyuma, nyingi zinafutana. Mpe mlevi muda mara nne, hafiki mbali mara nne. Kwa wastani anafika mara mbili tu. Ni kipeuo cha pili cha muda.

Chukua mfano wangu wa kubuni. Hisa ni shilingi 10,000 na bei ya makubaliano ni hiyohiyo. Opsheni ya miezi 4 inauzwa shilingi 800. Miezi 3 ikipita bila hisa kusogea wala soko kubadili tabia, opsheni itabaki na shilingi 400 hivi. Miezi 3 imekula 400. Mwezi mmoja wa mwisho utakula 400 zote zilizobaki! Muda hauli sawasawa. Unaanza kwa kudonoa, unamaliza kwa kumeza.

Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni kamili ya kukokotoa bei hizi, na Aprili mwaka huohuo soko la opsheni likafunguliwa Chicago. Scholes na Robert Merton walipata tuzo ya Nobel mwaka 1997. Black alikuwa ameshafariki mwaka 1995.

Kwetu, Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL. Opsheni hazikuwepo pale. Lakini mwaka huohuo, kule Lusu wilayani Nzega, mgodi wa Golden Pride wa Resolute ya Australia ulitoa dhahabu yake ya kwanza, na Bunge likapitisha sheria mpya ya madini. Hapo ndipo opsheni zilipokuwa, ila kwa jina la leseni.

Fikirini wenyewe. Leseni ya utafutaji inakupa nafasi ya kufikia mgodi bila kukulazimisha kuujenga, na ina tarehe ya mwisho. Mwaka 1999 wakia ya dhahabu ilishuka hadi karibu dola 250. Mwaka 2011 ilipita dola 1,900. Mtu aliyelalia leseni nzuri muda wote huo angetajirika bila kushika sururu. Ndiyo maana Sheria ya Madini ya 2010 iliweka miaka 4, kisha 3, kisha 2. Serikali ilitaka muda uwale, ili wachimbe au waondoke.

Lakini palikuwa na leseni hodhi, ya kukaa na madini uliyoyagundua mpaka soko likae vizuri. Hiyo ilikuwa opsheni ndefu. Mwaka 2018 zikafutwa zote kwa mpigo. Wenye nazo wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Tanzania ikakubali kulipa: Winshear dola milioni 30 mwaka 2023, kisha mwaka 2024 Indiana milioni 90 na Montero milioni 27. Jumla dola milioni 147!

Mimi sitetei wanaolalia ardhi yetu. Nasema hivi: kuacha muda ule opsheni kidogo kidogo ni bure, kwa sababu tarehe iliandikwa tangu siku ya kwanza na mwenye nayo aliijua. Kuukata muda katikati ni kumnyang'anya mtu alichokinunua, na bili inakuja. Kosa halikuwa kuzifuta tu. Kosa lilianza pale tulipogawa muda mrefu kwa bei ya chini, bila kuupigia hesabu.

Na wachimbaji wadogo waliokuwa Lusu kabla ya kampuni, muda wao nani aliupigia hesabu? Mpaka 2014 uzalishaji Golden Pride ulikuwa umekwisha. Kinachobaki Nzega ni shimo.

Naomba kutoa hoja.