Visiwa vya Tokelau na Kura Kumi na Sita

Ndugu wanachama, twajua sote jinsi nchi yetu ilivyopata uhuru wake mwaka 1963. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa Umoja wa Mataifa hata leo unayo orodha ya nchi 17 zisizojitawala, na mojawapo ni Tokelau, visiwa vitatu vidogo katika Bahari ya Pasifiki. Twaona yafaa kueleza habari zake hapa, maana zinatugusa sisi tunaofanya kazi mbali na kwetu.

Visiwa hivyo, Atafu, Nukunonu na Fakaofo, ni vya matumbawe, na nchi kavu yake haizidi mita chache juu ya bahari. Wenyeji wake wapatao 1,500 hawana kiwanja cha ndege. Msafiri hupanda meli Apia, katika Samoa, akasafiri zaidi ya siku moja. Samaki wanaovuliwa kwa ajili ya kijiji hugawanywa kwa kila jamaa kwa haki, na desturi hiyo huitwa inati. Mambo ya kila kisiwa huamuliwa na baraza la wazee.

Watu hao wameona taabu. Mwaka 1863 meli za wateka watumwa kutoka Peru zilichukua karibu nusu yao. Mwaka 1889 Waingereza waliviweka visiwa hivyo chini ya ulinzi wao, na tangu mwaka 1926 vimetawaliwa na New Zealand. Katika miaka ya 1960 Serikali ya New Zealand ilifanya mpango wa kuwahamishia watu kwake, kwa kuwa ardhi ilikuwa haba. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 1976, lakini njia ilikwisha kufunguka, na leo Watokelau waishio New Zealand ni wengi mara kadhaa kuliko waliobaki kwao.

Basi itakuwaje nchi ndogo namna hii? Wazee hawakungoja kuamuliwa. Mwaka 2004 uliundwa mfuko wa akiba, ili faida yake isaidie vizazi vijavyo. Kisha wananchi wakaulizwa kama wataka kujitawala huku wakishirikiana na New Zealand, kama walivyofanya watu wa Cook mwaka 1965 na wa Niue mwaka 1974. Ilikubaliwa kwamba jambo zito kama hilo lipate theluthi mbili za kura.

Mwezi wa Februari 2006 waliokubali walikuwa 349, na waliokataa 232. Haikutosha. Mwezi wa Oktoba 2007 wakaulizwa tena. 446 wakakubali, 246 wakakataa. Zilipungua kura 16 tu! Hali ya zamani ikabaki kama ilivyokuwa.

Wako wanaosema kwamba walio wachache waliwazuia walio wengi. Sisi hatuoni hivyo. Nyumba haijengwi upya huku theluthi ya jamaa wakihofu kulala nje. Neno gumu zaidi ni lile la ndugu walioko New Zealand, ambao hawakupiga kura, ingawa wengi wao walikuwa na wasiwasi juu ya nchi ya wazazi wao. Je, ilikuwa haki? Twadhani anayeamka kila siku katika nchi ndiye wa kwanza kuamua juu yake. Lakini aliye mbali asikilizwe kabla ya siku ya kura, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Nasi tulio mjini twapeleka fedha nyumbani, na mara nyingine twadhani fedha hizo zatupa haki ya kuwaamulia wazee. Twawasihi wanachama, kabla ya kupitisha shauri lo lote juu ya kwetu katika mkutano mkuu, waulizwe kwanza wale wanaoishi huko.