Mume wa rafiki yako ana kisukari kilichochelewa kutibiwa: umsaidieje?

Mara nyingi huanza hivi. Mwanamume wa Kibara, Bukima au Kiabakari anaamka kukojoa mara nne usiku, anakunywa maji mengi, anakonda. Anasema ni uchovu wa ziwani au wa shamba. Miaka inapita. Siku moja anachomwa na mwiba wa samaki mguuni na wala hasikii maumivu. Baada ya wiki mbili kidonda kinanuka, na hospitali wanasema ni kisukari, tena cha muda mrefu. Mke wa mgonjwa huyo ni rafiki yako. Makala hii tunakuandikia wewe rafiki.

Tuanze na maneno ya kuepuka. Usimuulize mwenzako, "Kwani ulikuwa unampikia nini?" Swali hilo ameshaulizwa na mawifi. Kisukari cha watu wazima kinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele, na hutokana na mambo mengi: urithi, umri, uzito, maisha ya kukaa. Hakiletwi na sufuria ya mke mmoja. Maneno ya kwamba shemeji "ametegewa kitu njiani" nayo utayasikia. Usigombane na wazee. Waambie tu kwamba sababu yoyote wanayoiamini, kidonda kioshwe hospitalini leo, mengine yatazungumzwa baadaye. Kinachopoteza mguu ni zile wiki tatu za kuzunguka.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana madhara yanatokea mahali pengi kwa mara moja: macho yanaona ukungu, figo zinachoka, miguu inakufa ganzi au kuwaka moto usiku. Ganzi ndiyo hatari zaidi kuliko maumivu, kwa sababu mtu anaweza kuota moto mpaka aungue asijue.

Kwa hiyo kazi moja kubwa kuliko zote ni kukagua miguu kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole, kwa tochi ya simu kama giza limeingia. Mgonjwa mwenyewe huenda haoni vizuri wala hawezi kuinama. Kama mila haikuruhusu ushike miguu ya shemeji, mfundishe kijana wao. Maji ya kuosha yapimwe joto na mtu mwingine, si yeye. Vidole vikaushwe vizuri. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Malengelenge, wekundu, ngozi kuwa nyeusi au harufu: ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Tunasisitiza hili: msimwagie kidonda unga wa vidonge vya rangi mbili, wala majani yaliyotwangwa. Juu kitaonekana kimekauka, kumbe chini kinachimba mfupa.

Kwetu kumwona mgonjwa ni kubeba sukari, soda na biskuti. Safari hii beba dagaa, mchicha au nauli ya bodaboda. Na usimdanganye rafiki yako kwamba ugali wa mtama, ulezi au muhogo "hauna sukari", ale atakavyo. Wote ni wanga na wote unapandisha sukari. Cha muhimu ni tonge ziwe chache na mboga ziwe nyingi.

Hata hivyo chupa moja ya soda ya kawaida ibaki kabatini, kwa maana siku nyingine itakuwa dawa. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akikosa kula au akinywa pombe, sukari inaweza kushuka chini ya 4 kwenye kipimo. Atatoka jasho jembamba, atatetemeka, ataongea ovyo kama mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda hiyo au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, ukiona bado rudia, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mumkimbize hospitali.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Mgonjwa wa miaka mingi anaanza kupimwa na kukutwa sukari imeshuka yenyewe, na nyumba inasherehekea kwamba amepona. Huenda ni figo zimechoka, hivyo dawa inakaa mwilini kuliko kawaida. Akiwa amevimba miguu na uso, apimwe mkojo na damu. Na asimeze diklofenaki wala ibuprofeni za dukani kwa ajili ya maumivu. Zinaziumiza figo hizohizo.

Insulini nayo ina jina baya. Wengi wanaamini ukiichomwa umebakiza siku chache. Ukweli ni kwamba wanaokufa baada ya kuianza wengi walichelewa kuianza. Kama hakuna friji, itunzwe kivulini, ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu.

Siku ngumu kuliko zote ni ya daktari kusema mguu ukatwe. Ndugu watakaa kikao, na mke huenda asipewe nafasi ya kusema. Nenda naye hospitali mapema, akiwa bado ana nguvu za kuuliza: Utakatwa mpaka wapi? Tukisubiri wiki moja nini kitatokea? Gharama ni kiasi gani? Andika majibu, ili kikaoni azungumze kwa karatasi badala ya machozi. Rufaa ya kutoka Bunda au Butiama inaweza kuelekea hospitali ya mkoa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma, au Bugando, Mwanza. Kabla ya kuuza ng'ombe, muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bure kisera.

Lipo na la chumbani. Kisukari huondoa nguvu za kiume, na mwanamume akiona aibu hukasirika au hulala upande wake. Mke anafikiri kuna mwanamke mwingine. Akikuletea siri hiyo, iishie kwako. Mwambie ni sehemu ya ugonjwa na kwamba daktari anaweza kuulizwa, na wasinunue dawa za nguvu za mnadani, hasa kama mume ana presha au moyo.

Mwisho, chukua siku moja ya mwezi ukae na mgonjwa, au mume wako akae naye, rafiki yako aende kwenye kikoba, sokoni au alale tu. Akirudi, mkumbushe kwamba kaka za mumewe na watoto wakubwa nao wapime sukari. Ni tone moja la damu ya kidoleni.