Wingu Lililogeuka Anga: Neno "Sky" kwa Waingereza na Wanorwei

Mwanafunzi wa theolojia asomaye Agano Jipya kwa Kiingereza na kwa Kinorwei hukutana na neno moja lenye maana mbili. Kwa Mwingereza, "sky" ni anga. Kwa Mnorwei, neno hilo hilo, kwa herufi zile zile, ni wingu. Katika Matendo 1:9 Biblia ya Kinorwei yasema kwamba "sky" ilimwondoa Bwana machoni pa wanafunzi. Aliyezoea Kiingereza atadhani ni anga, kumbe ni wingu. Tofauti hii ilitoka wapi?

Tangu shambulio la Lindisfarne mwaka 793, Waskandinavia walifika Uingereza, kwanza kama wanyang'anyi, kisha kama wakulima na majirani. Neno lao la kale "ský", yaani wingu, likaingia katika Kiingereza. Katika karne ya 14 mshairi Geoffrey Chaucer bado alilitumia kwa maana hiyo. Lakini polepole jina la kifunikacho likawa jina la kifunikwacho. Wingu nalo likaitwa "cloud", neno ambalo zamani lilimaanisha mwamba au kilima. Neno "heaven" halikufa, ila lilizidi kuachiwa makao ya Mungu.

Wanorwei hawakugawa hivyo. "Himmel" kwao ni anga la jua na mvua, tena ni mbinguni kwa Baba. Ndivyo kilivyo Kigiriki: katika Mathayo 6:9 na 16:2 neno ni "ouranos", lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliandika "heaven" mahali pa kwanza, na "sky" mahali pa pili.

Jambo hili latuhusu. Tunalo neno "anga", lakini "mbingu" yetu, ndugu wa "wingu", yabeba maana zote mbili. Kiingereza chatuonya tusidhani kwamba Kristo amekwenda kukaa mahali fulani juu ya mawingu. Lakini chaweza pia kutupotosha, tukaitenga mbingu ya Mungu na ile itunyesheayo mvua. Luther, ambaye Kijerumani chake nacho kilikuwa na "Himmel" tu, hakuhitaji neno la pili: mwaka 1527, akibishana na Zwingli, alifundisha kwamba mkono wa kuume wa Mungu uko kila mahali. Basi tuhubiripo siku ya Kupaa, tuseme hivi: wingu lilimficha Bwana machoni petu, halikumtenga nasi.