Mlango wa Pembeni: Watu Weusi katika Filamu za Uhalifu za Marekani, 1947–1959

Uwakilishi wa watu Weusi katika filamu za uhalifu za Hollywood hupimwa mara nyingi kwa kuhesabu: walionekana wangapi, kwa muda gani, katika nafasi zipi. Hesabu hiyo ina manufaa, lakini haielezi jinsi mtu anavyoweza kuwapo kwenye skrini bila kutazamwa. Katika Out of the Past (1947), mpelelezi anamfuata Eunice, mtumishi wa zamani wa mwanamke anayesakwa, hadi klabu ya Weusi jijini New York. Eunice, aliyeigizwa na Theresa Harris, amependeza, yuko na mwenzake, anajibu kwa utulivu. Neno lake kuhusu chanjo ndilo linalomfumbulia mpelelezi kwamba mtoro yuko Meksiko. Hadithi ikishapata inachotaka, Eunice haonekani tena. Amepewa heshima, ila kazi yake ni kuwafungulia wengine mlango.

Odds Against Tomorrow (1959) inaufanya mlango huo kuwa kiini cha hadithi. Filamu hiyo iliongozwa na Robert Wise na kutayarishwa na HarBel, kampuni ya Harry Belafonte. Abraham Polonsky, aliyekuwa amefungiwa na studio kwa sababu za kisiasa, alishiriki kuandika mswada akijificha nyuma ya jina la John O. Killens. Mpango wa wizi ni mwepesi: jioni mhudumu Mweusi hupeleka kahawa na sandwichi benki, na mlinzi humfungulia mlango wa pembeni, na safari hii atakwenda mmoja wa wezi, Ingram, aliyeigizwa na Belafonte. Wezi wanategemea jambo moja, kwamba mlinzi ataona sare na chakula, uso hataujali. Lakini Slater, mwizi mwenzake mbaguzi aliyeigizwa na Robert Ryan, anakataa kumkabidhi Ingram ufunguo wa gari na kumpa Burke, mwenzao katika wizi. Burke anapigwa risasi na polisi akiwa na ufunguo huo. Ubaguzi uliowafungulia mlango wa kuingilia ndio unaowafungia njia ya kutokea.

Yupo atakayesema kwamba filamu moja ya nyota mwenye kampuni yake haithibitishi lolote kuhusu Hollywood. Hoja hiyo ina uzito, kwani mamlaka ya utayarishaji yalikuwa na maana. Hata hivyo, The Breaking Point (1950), kazi ya Warner Bros., inamalizia kwa mtoto Mweusi aliyebaki peke yake gatini, baba yake ameuawa na hakuna anayemwambia. Studio kubwa nazo ziliweza kutazama zilipotaka. Pingamizi zito zaidi linahusu mwisho wa Odds Against Tomorrow, ambapo Ingram na Slater wanaungua hadi maiti zao hazitambulikani, kana kwamba mdhulumiwa na mdhalimu ni sawa. Lakini wanaoshindwa kuwatofautisha ni waliofika mwishoni kuokota maiti. Mtazamaji amemwona Ingram akiwa na binti yake, na amemwona aliyenyima ufunguo. Yeye anajua nani ni nani.